Shangazi, niweke akiba yetu kwenye gesi ya kaboni?

Hujambo Shangazi?

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na sasa nimefikwa na jambo langu mwenyewe. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Gilgil, Kaunti ya Nakuru. Nina miaka 41, mke na watoto watatu. Mke wangu anafundisha shule ya msingi. Karakana yangu iko kando ya barabara na nina vijana wanne ninaowalipa kila Jumamosi. Tunatengeneza mageti, madirisha, matangi ya maji na fremu za vivungulio vya wakulima wa maua upande wa Naivasha. Nina pia lori la tani saba ambalo nimemaliza kulipia mkopo wake. Kwenye sacco, mimi na mke wangu tuna akiba ya shilingi milioni 1.8.

Tangu watu wajue tuna hizo pesa, kila mmoja ana wazo. Na hapa kwetu siku hizi wazo ni moja: kaboni. Kuna mradi wa kunasa hewa ya kaboni (CO2) kutoka angani na kuizika ardhini, wageni wanakuja na kuondoka, na vijana wanasema utajiri wa Bonde la Ufa umefika.

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anaishi Nairobi na amejiunga na mpango fulani wa kwenye simu. Unaweka pesa, unaandikiwa tani zako za kaboni, na kila mwezi unalipwa asilimia 12. Amenionyesha kwamba ameshalipwa mara mbili. Anataka niweke shilingi 600,000 kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu eti bei ya tani itapanda.

Halafu kuna mzee jirani yetu anayeuza ekari mbili. Anasema gesi itazikwa upande ule na mwenye shamba atalipwa kodi maisha yake yote. Bei anayotaka ni mara tatu ya bei ya mashamba ya hapa.

Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza kuligeuza lori langu kuwa la tangi ili nisafirishe gesi hiyo. Tangi naweza kulitengeneza mwenyewe. Nimetengeneza mengi ya maji, na moja la dizeli ambalo linafanya kazi mpaka leo.

Mama mkwe naye akisikia neno gesi anatuambia tuhame. Anasema itatoka usiku na kutuua tukiwa tumelala, na mke wangu ameanza kumsikiliza.

Shangazi, hii kaboni ni biashara ya kweli? Na kama ni ya kweli, fundi kama mimi anaingilia wapi?

Fundi, Gilgil


SHANGAZI ANAJIBU

Hujambo mwanangu. Nimefurahi umeandika kabla pesa hazijatoka sacco. Nitaanza na shemeji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwekea tarehe ya mwisho.

Usiweke hata shilingi moja. Tani ya kaboni inayouzwa kihalali hupitia mikono mingi kabla ya kugeuka pesa. Inanaswa, inapimwa, mkaguzi asiye wa kampuni anathibitisha kwamba kweli imezikwa, inaandikwa kwenye daftari na kupewa namba yake, kisha inauzwa na kufutwa ili asitokee mtu wa kuiuza tena. Wanunuzi wakubwa wa tani hizi ni makampuni ya kimataifa, na Microsoft ndiyo iliyonunua nyingi zaidi. Husaini mikataba ya miaka kadhaa, na mara nyingi hulipa sehemu kubwa ya pesa baada ya gesi kuzikwa. Sasa piga hesabu ya shemeji. Asilimia 12 kwa mwezi, ukiiacha izae juu ya mtaji, hugeuza shilingi 600,000 kuwa zaidi ya milioni 2.3 kwa mwaka mmoja. Katika mlolongo niliokueleza hapo juu, hakuna mahali pesa hizo zinaweza kutoka. Malipo anayoonyeshwa yana kila dalili ya kutoka mifukoni mwa watu walioingia nyuma yake.

Muulize shemeji jina kamili la kampuni, kisha mlitafute pamoja kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Halafu mwambie ajaribu kutoa mtaji wake wote wiki hii, wala si faida peke yake. Zungumza naye kwa upole. Yeye pia ana pesa zake humo, na akiona aibu atanyamaza hadi ziishe.

Na kama hamu yenu ni kumiliki kipande cha kampuni ya gesi ya kaboni, Kenya ipo iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi: Carbacid. Hesabu zake huchapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Sikwambii ununue, nakwambia tu kwamba kampuni hiyo ina afisi, wakaguzi na vitabu vilivyo wazi, na shemeji anaweza kutumia mfano huo kupima mpango wake.

Tuje sasa kwenye biashara yenyewe, maana umeuliza swali zuri na linastahili jibu refu.

Kwa kazi ya fremu za vivungulio unayoifanya, nadhani karakanani una mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi. Kama unayo, angalia mtungi uliosimama kando yake. Ndani mna gesi hii hii ya kaboni, ikiwa peke yake au imechanganywa na gesi ya argoni. Maana yake wewe ni mteja wa biashara hii tayari, na umekuwa ukiilipia kwa kilo. Sehemu kubwa ya gesi hiyo nchini hutoka kwenye visima vya asili, kwa mfano vile vya Carbacid huko Kereita, Lari, ambako ardhi yenyewe huitoa na kampuni huisafisha, kuishindilia na kuiuza. Majirani zetu Watanzania wana hali kama hiyo: TOL Gases huvuna gesi ya kaboni ya asili huko Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Wanunuzi ni viwanda vya soda na bia, wajazaji wa vizima moto, mafundi kama wewe, na watengenezaji wa barafu kavu, yaani gesi hii ikigandishwa. Hata Naivasha hapo, shamba la maua la Oserian lilitumia kisima cha mvuke wa ardhini kupasha vivungulio joto na kuyapa mawaridi gesi ya kaboni ili yakue vizuri zaidi.

Hiyo ni biashara ya kwanza, ambayo mtu hulipa ili apate gesi. Ni ya zamani, bei zake zinajulikana, na haihitaji serikali wala mkutano wa tabianchi ili iendelee. Lakini shika jambo moja: gesi iliyotoka ardhini ikaingia kwenye soda huishia angani mtu anapofungua chupa. Haijapunguza chochote hewani. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba ukiuza barafu kavu au ukijaza vizima moto utapata pia krediti za kaboni, yaani zile tani za kuandikwa na kuuzwa, anakudanganya.

Biashara ya pili ni ile ambayo mtu hulipa ili gesi iondoke hewani, isizidi kuipasha dunia joto. Hii ndiyo iliyoleta wageni Gilgil. Octavia Carbon, kampuni ya Nairobi iliyoanzishwa 2022, hutumia mashine zinazovuta hewa na kuipitisha kwenye chujio lenye kemikali inayoshika kaboni. Chujio likijaa, linapashwa joto, linaachilia gesi, na gesi inakusanywa. Hewa tunayovuta ina kaboni kidogo sana, takriban sehemu nne katika kila elfu kumi, kwa hiyo kazi ya kuitafuta hula nishati nyingi. Ndiyo maana wamekuja kwenu. Bonde la Ufa lina mvuke wa ardhini wa kutoa joto na umeme, na chini yake kuna miamba ya volkano ya basalti. Gesi ikiyeyushwa kwenye maji na kusukumwa ndani ya basalti, inakutana na madini ya kalisi na magnesi na kugeuka kuwa jiwe. Waliothibitisha hivyo ni watu wa mradi wa Carbfix huko Iceland. Matokeo yao yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi waliyoisukuma iligeuka jiwe kwa chini ya miaka miwili.

Njia hiyo hutumia maji mengi. Kwa mtindo wa Carbfix, tani moja ya gesi huhitaji takriban tani 25 za maji. Wewe unayeishi Gilgil na kujua jinsi mifereji hukauka, hilo ni swali la kuuliza mradi wowote ukija kufanya mkutano na wananchi: maji yatatoka wapi, na baada ya kutumika yanakwenda wapi.

Katika biashara hii ya pili, swali linalotangulia yote ni nani anayelipa, na kwa nini. Norway ilianza kuzika kaboni chini ya bahari huko Sleipner mwaka 1996 kwa sababu serikali ilikuwa imeweka kodi ya kaboni mwaka 1991, na kuzika kukawa nafuu kuliko kulipa kodi. Leo kiwanda cha saruji cha Brevik kimejengewa mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka. Gesi husafirishwa kwa meli hadi Øygarden, kisha kwa bomba la takriban kilomita 100 hadi chini ya bahari. Mradi wa Northern Lights, wa kampuni za mafuta za Equinor, Shell na TotalEnergies, ulianza kuisukuma huko Agosti 2025, na sehemu kubwa ya gharama za mnyororo huo imebebwa na serikali. Marekani, sheria ya 2022 iliweka nafuu ya kodi ya dola 85 kwa tani inayonaswa kwenye dohani na kuzikwa, na dola 180 kwa inayonaswa hewani na kuzikwa. Pesa hizo zikiwepo kazi inakwenda. Zikiyumba, kazi inasimama. Mtambo wa Petra Nova, Texas, ulifunguliwa 2017. Gesi yake ilikuwa ikipelekwa kwenye visima vya mafuta ili kusukuma mafuta zaidi yatoke, na bei ya mafuta ilipoanguka 2020 ukafungwa, ukarudi kazini 2023. Fikiria fundi wa Texas aliyekuwa amekopa kwa kumtegemea mteja huyo mmoja.

Hapa kwetu, anayelipia tani zinazozikwa ni kampuni za nje, kwa hiari yao. Hilo halifanyi mradi kuwa wa uongo. Mimi naomba ufaulu, kwa sababu ukifaulu utawapa kazi wahandisi na mafundi wa Kenya katika jambo ambalo nchi tajiri bado zinajifunza. Ila usikopee benki kwa ahadi yake.

Sasa lori lako. Mradi wa Gilgil ulipangwa kunasa takriban tani 1,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365, unapata chini ya tani tatu kwa siku. Lori lako lingebeba mzigo huo wote na kubaki na nafasi zaidi ya nusu. Na hata hizo tani tatu hazihitaji lori, maana mashine zinawekwa karibu na mahali pa kuzikia makusudi ili kukwepa gharama ya usafiri. Usafirishaji wa kaboni ni biashara kubwa pale kiwanda kinapokuwa mbali na kaburi la gesi, kama Brevik na Øygarden. Kenya hatujafika hapo.

Kuhusu tangi la kujitengenezea, nakuomba kama mama, liondoe kichwani. Tangi la maji halina shinikizo. Gesi ya kaboni ikisafirishwa ikiwa kimiminika hukaa kwenye baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sufuri, kwa shinikizo la takriban baa 20. Na mtungi wa MIG wenye gesi ya kaboni peke yake, kwenye joto la kawaida la nyuzi 20, una takriban baa 57 ndani. Tairi la gari dogo lina kama baa mbili. Tangi la gesi hii hutengenezwa kwa chuma maalumu kisichovunjika kwenye baridi kali, kila mshono hupigwa picha ya eksirei, na vyombo vya shinikizo hukaguliwa na watu walioidhinishwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, DOSHS. Kazi hiyo ina viwanda vyake. Lori libaki la mizigo. Likibeba mitungi, mitungi isimame wima, ifungwe kwa minyororo, na upepo upite.

Basi fundi anaingilia wapi? Anaingilia kwenye mabomba. Ukitembelea mtambo wowote wa aina hii, utaona mashine ya kunasa gesi ni sehemu ndogo. Vingine vyote ni fremu za chuma, ngazi, majukwaa, mabomba ya maji, ya mvuke na ya gesi, vishikilio vya mabomba, maboksi ya feni, kontena zilizokatwa na kuwekwa milango. Fremu na majukwaa unaweza kuzifanya kesho asubuhi. Mabomba unahitaji kujifunza zaidi, na hapo ndipo pesa zilipo.

Gesi ya kaboni ikiwa kavu haidhuru chuma cha kawaida. Ikichanganyika na maji inakuwa tindikali na kukila kuanzia ndani, kwa hiyo penye maji hutumika stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Na stenlesi ya bomba haichomelewi kwa vijiti kama geti. Mshono wa kwanza hupigwa kwa TIG, njia ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni, huku argoni ikipita ndani ya bomba kufukuza hewa. Fundi asiyejua huacha kupitisha argoni kwa sababu nje mshono unaonekana mzuri unang'aa. Ukilikata bomba hilo, ndani mshono ni mweusi, una vinundu na vishimo, na vishimo hivyo ndivyo vinavyooza kwanza. Mkaguzi ana kamera ndogo ya kuingiza ndani ya bomba, na kazi kama hiyo anaikataa palepale.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, pesa ya kwanza ingeenda hapo: mashine ya TIG iliyo nzuri, na mafunzo yako na ya kijana mmoja unayemwamini mpaka mpite mtihani wa 6G, ule wa bomba lililoinamishwa nyuzi 45 na kufungwa usilizungushe. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ina mitihani ya mafundi, na wenye mitambo watakwambia ni cheti kipi wanakubali. Waulize kabla ya kulipa karo, kwa sababu wengine hutaka cheti cha viwango vya kimataifa na hawatakubali kingine. Uzuri wa ujuzi huu ni kwamba hautegemei kaboni. Mitambo ya umeme wa mvuke ya Olkaria iko jirani, na mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya thuluthi moja ya umeme wa Kenya. Mabomba ya mvuke huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Viwanda vya maziwa Naivasha na Nakuru vimejaa stenlesi. Mradi wa kaboni ukikua, utakuta una cheti mkononi. Ukisimama, una wateja.

Usitumie zaidi ya robo ya akiba kwa hilo, yaani shilingi 450,000, na mke wako akubali kabla hujajaza fomu ya sacco. Kiasi kingine cha akiba utakihitaji kwa sababu ya namna kampuni kubwa zinavyolipa. Wateja wako wa mageti hukupa nusu ya pesa kwanza. Kampuni hukupa LPO, yaani karatasi ya kuagiza kazi, unanunua vyuma kwa pesa yako, unafanya kazi, unapeleka ankara, kisha unangoja siku 60 au 90. Vijana wako wanangoja Jumamosi. Nimefanya kazi ya hesabu kwenye biashara ya gesi za mitungi kwa miaka mingi, na mafundi wengi niliowaona wakifunga karakana walikuwa na kazi nyingi, ila pesa zao zilikuwa kwenye ankara za watu. Anza na kandarasi ndogo ambayo hata ikichelewa kulipwa miezi mitatu, karakana haifungwi. Hakikisha pia cheti chako cha KRA cha kulipa ushuru hakijaisha muda, maana bila hicho hata hawafungui bahasha yako.

Hukuuliza kuhusu barafu kavu, lakini kwa mtu mwenye lori na aliye Gilgil nitaitaja. Ni gesi ya kaboni iliyogandishwa, baridi yake hufika nyuzi 78 chini ya sufuri, na haiachi maji inapoyeyuka. Hutumiwa na maabara za kupima sampuli, wasafirishaji wa nyama na aiskrimu, na wapishi wa sherehe. Usinunue mashine ya kuitengeneza. Zaidi ya nusu ya kimiminika hupotea hewani wakati wa kutengeneza, na bila wateja wa kila siku mashine itakula akiba yenu. Unachoweza kujaribu ni kuinunua kwa jumla kutoka kwa mwenye mtambo na kuisambaza Naivasha, Gilgil na Nakuru kwa maboksi mazito ya kuhifadhi baridi. Kabla ya kununua boksi hata moja, tembelea wateja kumi, uliza wanatumia kilo ngapi kwa wiki na wanainunua wapi sasa. Barafu hii hupungua kila saa ikiwa safarini, kwa hiyo faida iko kwenye kufika haraka kwa mtu anayekungoja. Isiwekwe kwenye kabini ya dereva madirisha yakiwa yamefungwa. Isifungiwe kwenye chombo kisichopumua, kitapasuka.

Hapo nimegusa hofu ya mama mkwe, na naomba umsikilize kwa heshima kwa sababu hasemi ndoto. Mwaka 1986 ziwa Nyos huko Kamerun lilitoa gesi ya kaboni usiku, ikateremka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Goma, wenyeji huita mazuku yale mabonde ambako gesi hii hutoka ardhini na kutulia, na mifugo na watoto hufa humo. Na bomba la kusafirisha gesi ya kaboni lilipasuka Satartia, Mississippi, Februari 2020 baada ya mvua kubwa kuporomosha udongo. Watu wapatao 45 walipelekwa hospitali, na magari yalizimika barabarani kwa kukosa oksijeni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na inapofika asilimia 10 ya hewa mtu huzirai kwa dakika chache.

Mweleze hivi. Nyos ilikuwa gesi iliyojikusanya miaka mingi chini ya ziwa bila mtu kuigusa. Ya Gilgil ni kidogo, na ikiyeyushwa kwenye maji kabla ya kwenda chini, maji hayo huwa mazito kuliko maji ya kawaida, kwa hiyo hayana haraka ya kupanda juu huku yakigeuka jiwe. Hatari iliyobaki iko juu ya ardhi, kwenye mabomba na matangi ya mtambo, na inamhusu mfanyakazi kuliko anayelala kijijini. Inakuhusu wewe. Ukipata kazi kwenye mtambo, usiingie kwenye shimo wala tangi bila kipima gesi na mtu wa pili aliyesimama nje, na kijana akianguka ndani, asiingie mwingine kumtoa bila vifaa vya kupumulia. Wengi hufa wakienda kuokoa. Mama mkwe akitaka, mchukue mwende naye kwenye mkutano wa wananchi na aulize mwenyewe kuna vipima gesi vingapi, na king'ora kikilia watu wa kijiji wakimbilie upande gani. Ni maswali mazuri na wanapaswa kuyajibu.

Limebaki shamba la mzee. Kisima cha kusukumia gesi huchukua nafasi ndogo juu ya ardhi, na mahali pake huchaguliwa na wanajiolojia baada ya kupima mwamba na maji. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilivyorekebishwa 2023 inataka miradi ya kaboni iliyo kwenye ardhi ya umma na ya jamii iwe na mkataba wa maendeleo na jamii husika, na sehemu ya mapato ya kila mwaka irudi kwao: angalau asilimia 40 kwa miradi ya ardhi kama ya misitu, na angalau asilimia 25 kwa mingine. Fungu hilo ni la jamii, halifuati hatimiliki ya ekari mbili za mtu binafsi. Kodi anayoisema mzee inaweza kuwepo ikiwa tu kuna mkataba uliosainiwa kati yake na kampuni. Mwombe akuonyeshe. Kisha fanya upekuzi wa hatimiliki kwenye afisi ya ardhi uone jina lililopo na kama shamba limewekwa rehani, na ukiendelea, hakikisha bodi ya udhibiti wa ardhi imetoa kibali cha kuuza. Ikiwa karatasi hana ila bado mnalipenda shamba, mpe bei ya shamba la mahindi, ile ile wanayolipa majirani.